Kasoro Ipi Nzito? Kuhamia Toleo Jipya Sasa, Kusubiri, au Kubaki Ulipo

Mimi na mdogo wangu tuna ubishi wa muda mrefu. Yeye ni fundi wa kompyuta Kariakoo, mimi nina steshenari Changanyikeni, karibu na chuo kikuu, kompyuta tatu na printa mbili. Toleo jipya la mfumo endeshi, kama Windows, likitoka, yeye hulipakua siku hiyohiyo. "Dada, hizo kasoro wanazopigia kelele ni za kawaida, wiki ijayo zimesharekebishwa," huniambia. Mimi humjibu kwamba hiyo wiki ijayo ndiyo wiki ambayo wanafunzi wanawasilisha tasnifu, na foleni inafika barabarani.

Siku hizi hata wateja wananiuliza wakija kuprinti: nihamie au nisihamie? Kompyuta inanisumbua kila nikiwasha, inasema kuna toleo jipya, nifanyeje? Nimeona niandike kwa kirefu, niziweke njia tatu pamoja: kuhamia mapema, kusubiri masasisho ya kwanza yatoke, na kubaki kwenye toleo la zamani. Nitazipima kwa kasoro zilizotokea kweli, zenye tarehe zake. Ubishi wa "ni kubwa", "ni ndogo" bila mfano mezani haufiki popote, nimeujaribu miaka.

Kubwa kwa nani?

Nianze na yaliyotokea dukani kwangu. Tulihamisha kompyuta ya mbele, ile inayoprinti, kwenda kwenye toleo jipya. Kasoro mbili zikaja nalo. Ya kwanza tuliiona dakika ileile: kompyuta ikilala haiamki. Skrini nyeusi, feni inazunguka, unabonyeza kila kitu hakuna jibu, mpaka ushikilie kitufe cha kuwashia izime yote. Mdogo wangu akasema hii ni nzito, turudi toleo la zamani leoleo.

Ya pili hakuna aliyeiona. Draiva ya printa, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, ilijipanga upya, na ukubwa wa karatasi ukawa Letter badala ya A4.

A4 ina urefu wa milimita 297. Letter ina 279. Tofauti ni milimita 18, kama upana wa kidole gumba. Na mle kwenye milimita 18 za chini ndimo namba ya ukurasa inamokaa. Jioni moja kijana akaleta tasnifu yake kwenye flashi, kurasa 112, nakala nne. Nikaprinti zote huku nikihudumia wengine, kwa sababu ile kazi ni ya kuachia mashine. Nilipokaa kuzipanga ili nibaindi ndipo nikaona kuwa chini ni kweupe. Nikafunua ukurasa wa 40, kweupe. Wa 90, kweupe. Kurasa 448 hazina namba hata moja, na kijana amesimama mbele yangu, begi mgongoni, ananiuliza, "Dada, bado kidogo?" Nilirudia kazi yote kwa karatasi yangu na tona yangu. Yeye alipeleka kesho yake asubuhi badala ya jioni ile, na sijui alimweleza nini msimamizi wake.

Ile kasoro ya kutoamka haikunigharimu hata shilingi. Dukani kompyuta haina muda wa kulala. Nikifungua asubuhi inafanya kazi hadi nifunge. Nilikwenda kwenye mipangilio nikazuia isilale, ikawa imekwisha. Lakini kwa mdogo wangu, anayezunguka na kompyuta mpakato yake Posta, Mbagala na Tegeta, akiifunga na kuifungua mara ishirini kwa siku, kompyuta isiyoamka ni siku nzima iliyoharibika. Kasoro ni ileile, uzito ni mbalimbali, na hapo ndipo tulipokuwa tunazunguka miaka yote bila kusogea.

Kilichonisaidia kusogea ni kusoma jinsi watu wa Debian wanavyopanga kasoro zao. Debian ni mfumo wa familia ya Linux unaotengenezwa na watu wa kujitolea, na kila kasoro inayoripotiwa kwao hupewa ngazi. Ngazi ya juu kabisa ni ya kasoro inayoharibu programu nyingine zisizohusika au mfumo mzima, au inayopoteza data vibaya, au inayofungua mlango wa usalama kwenye kompyuta. Inayofuata ni ya programu yenyewe kutotumika kabisa au kupoteza data. Halafu zinashuka hadi zile ndogondogo, na mwisho kabisa ni matakwa tu, mtu anapenda kitu kingekuwa hivi. Kasoro za ngazi za juu huzuia toleo lisitoke. Nilichokipenda ni kwamba swali la kwanza halihusu wangapi wamelalamika. Linauliza kitu gani kinaharibika.

Kutokana na hapo nimejiwekea maswali matatu. Kinachopotea kinarudi? Nitaiona mapema, au itaniharibia kazi kimyakimya? Na ikinishinda, naweza kurudi nilikotoka? Ile ya Letter ilikuwa nzito kwangu kwa sababu ya swali la pili. Skrini nyeusi hupiga kelele, unajua umepata tatizo. Namba za kurasa hazikupiga kelele.

Windows: kelele na uzito havilingani

Mfano ninaoutumia zaidi ni wa Oktoba 2018. Toleo la Windows 10 lililoitwa 1809 lilitoka tarehe 2 mwezi huo, na siku chache tu baadaye Microsoft ikalisimamisha. Watu walikuwa wanamaliza kusasisha, wanafungua folda zao za nyaraka na picha, wanakuta hamna kitu. Chanzo kilikuwa hiki: kama uliwahi kuelekeza folda ya Documents iende sehemu nyingine, tuseme kutoka C kwenda D, na mafaili mengine yakabaki kwenye folda ya zamani, mfumo mpya uliiona ile folda ya zamani kuwa ni pacha isiyo na kazi, ukaifuta pamoja na vilivyomo. Microsoft iliwaomba walioathirika waitumie kompyuta kidogo iwezekanavyo na wawasiliane nao, maana kadiri unavyoandika vitu vipya kwenye diski ndivyo uwezekano wa kuyaokoa yaliyofutwa unavyopungua. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba.

Kampuni ilisema ripoti zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja, yaani mmoja katika elfu kumi. Kwa hesabu hiyo mdogo wangu angesema ni ndogo. Lakini tuangalie tunavyofanya sisi huku. Fundi wa Dar anayejua kazi yake hugawa diski mara mbili, C na D, na anakwambia, "Mama, vitu vyako weka D, ili siku nikipiga Windows visipotee." Wengine huihamishia Documents yenyewe kule D. Ni ushauri mzuri, mdogo wangu huutoa kila siku. Na ndio hasa mpangilio ambao kasoro ile iliushika. Mmoja katika elfu kumi ni hesabu ya dunia nzima. Mtaa ambao mafundi wote wana desturi moja hauwezi kuisoma hesabu hiyo kama mtaa mwingine. Mtu ukisikia kasoro ni ya wachache, uliza wachache gani, maana huenda ni nyie.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho linaloniuma. Kabla toleo halijatoka, baadhi ya waliokuwa wakilijaribu walikuwa wamesharipoti kwamba mafaili yao yametoweka. Ripoti zao hazikupata kura nyingi, zikazama chini ya malalamiko yenye wafuasi wengi. Baadaye Microsoft iliongeza mahali pa mtoa ripoti kueleza uzito wa tatizo lake, badala ya kutegemea wingi tu. Kwa hiyo ubishi wangu na mdogo wangu walikuwa nao hata wao.

Weka pembeni yake kasoro ya toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 1 Oktoba 2024. Watu wengi waliosafisha diski waliona GB 8.63 za mabaki ya masasisho ambazo hazifutiki hata ufanye nini. Kelele zilikuwa kubwa, na mtu mwenye diski ya GB 128 lazima ashtuke. Ikaja kuelezwa kwamba ni hesabu tu inayoonyeshwa vibaya, nafasi yenyewe ilikuwa imeshaachiwa. Hakuna kilichopotea. Kwa wingi wa walioiona, hiyo inaishinda ile ya 2018 mbali sana. Kwa maswali yangu matatu haina uzito wowote.

Mwaka 2025 ulileta jozi nyingine nzuri ya kujifunzia. Agosti, baada ya sasisho la tarehe 12, habari zilienea kwamba Windows 11 inaua diski za SSD mtu akinakili mafaili makubwa. Simu za mdogo wangu hazikupumzika. Wateja walitaka awaondolee sasisho lile mara moja. Phison, kampuni inayotengeneza chipu za kuendeshea diski nyingi za aina hiyo, ikasema imefanya majaribio ya zaidi ya saa 4,500 na haikuweza kulizalisha tatizo. Microsoft nayo ikasema haikuona uhusiano kati ya sasisho na diski kufa. Siwalaumu waliohofu. Kama madai yangekuwa kweli ingekuwa kasoro ya ngazi ya juu kabisa, na mwenye mafaili ya ofisi alikuwa na haki ya kusimamisha sasisho wiki mbili huku akisubiri ukweli. Kusubiri hakukumgharimu kitu.

Miezi miwili baadaye, sasisho la 14 Oktoba likafanya kibodi na kipanya cha USB visifanye kazi ndani ya sehemu ya uokoaji ya Windows 11, ile skrini ya bluu unayoingia kompyuta ikigoma kuwaka. Ukiwa ndani ya Windows kila kitu kilikuwa sawa, kwa hiyo aliyekuwa nayo angeweza kukaa nayo asijue. Angeijua siku kompyuta imegoma, anaingia kuiokoa, anakuta mshale hausogei na kibodi haiandiki. Kwangu hiyo ni nzito sana, ingawa muda mwingi haionekani, kwa sababu inabomoa njia ya kurudi. Rekebisho lake lilitoka tarehe 20, siku sita tu. Aliyesubiri wiki moja hakuikuta kabisa.

Ndiyo maana kwa Windows naegemea upande wa kusubiri, na kusubiri kwenyewe ni rahisi. Kwenye Windows 11 unaweza kusimamisha masasisho hadi wiki tano kutoka kwenye mipangilio, bila kuhitaji fundi. Ukihama toleo zima na likakushinda, una siku 10 za kurudi ulikotoka kwa kubonyeza tu. Zikipita hizo, mafaili ya zamani husafishwa na kurudi ni kupiga Windows upya. Na kama toleo jipya halijaja kwenye kompyuta yako, usilifuate kwa nguvu. Microsoft huzizuia kompyuta ambazo imeshajua zina draiva au kifaa kinachogombana na toleo hilo. Zuio hilo ni ulinzi. Nimeona watu wakilivuka kwa haraka ya kupata kitu kipya kisha wanashinda siku mbili kwa fundi.

Debian na Ubuntu

Huku mdogo wangu ana hoja nzuri, na nimempa haki yake. Debian haitoi toleo kwa tarehe ya biashara; hutoa likiwa tayari. Debian 12 ilitoka 10 Juni 2023, Debian 13 ikaja 9 Agosti 2025. Desemba 2023 walikuwa wanataka kutoa sasisho la 12.3, na siku yenyewe ikagundulika kwamba kiini cha mfumo (kernel) kilichomo, namba 6.1.64, kinaweza kuharibu data kwenye diski za ext4, mpangilio ambao kompyuta nyingi za Linux hutumia. Waliisimamisha, wakawaonya watu wasisasishe, na kesho yake tarehe 10 wakatoa 12.4 yenye kiini kilichorekebishwa. Toleo la 12.3 likarukwa moja kwa moja. Kasoro ilikuwa ya aina mbaya kuliko zote, inayoharibu data bila kukuambia, lakini jinsi ilivyoshughulikiwa ndiko kulikonifanya niuamini mfumo huu kwa kompyuta ya nyuma ninayowekea kumbukumbu za duka.

Ubuntu, nayo ya familia ya Linux, imewahi kupata ya kwake. Toleo la 17.10 lilitoka Oktoba 2017, na kufikia Desemba ikabidi waondoe mafaili yake ya kupakua kwa kompyuta za mezani na mpakato. Draiva moja ndani ya kiini ilikuwa inaivuruga BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, ya baadhi ya mpakato, za Lenovo hasa: mipangilio haihifadhiki, na nyingine zikakataa kuwaka kutoka kwenye flashi. Hebu fikiria uzito wake. Kasoro ya kawaida ukiishindwa unafuta diski unaanza upya. Hii iliingia chini ya diski, kwenye kompyuta yenyewe, na kufuta kila kitu hakukusaidia. Toleo lililorekebishwa, 17.10.1, lilitoka 12 Januari 2018.

Kwa hiyo kama unakwenda Ubuntu, chukua lile la LTS, linalotoka kila baada ya miaka miwili na kutunzwa miaka mitano, tena subiri nukta moja, yaani mkusanyiko wake wa kwanza wa masasisho. Wao wenyewe hawamwiti mtu wa LTS ya zamani ahamie hadi nukta moja itoke. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024. Nukta yake ya kwanza ilipangwa 15 Agosti, wakaisogeza hadi tarehe 29 ili wamalize kwanza kasoro za waliokuwa wanahama kutoka 22.04. Aliyehamia Aprili kwa nguvu alikuwa amejitolea kuzigundua kasoro hizo yeye mwenyewe.

Jambo moja ambalo mafundi husahau kumwambia mteja: Word yenyewe haina toleo la Linux. LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika huko, itafungua faili la Word, lakini aya zinaweza kusogea na jedwali likavunjika kurasa mbili. Kwa mtu wa kuandika barua zake ni sawa. Kwa steshenari inayopokea mafaili ya watu mia kwa wiki, kazi ya kuyanyoosha upya ni kubwa kuliko kasoro zote nilizozitaja. Ndiyo maana kompyuta zangu mbili za mbele bado ni Windows.

Kubaki ulipo kuna bei yake

Wapo wanaosema, basi nabaki na ya zamani, imezoea kazi na mimi nimeizoea. Kwa muda ni sawa. Ila toleo lisilopata masasisho lina kasoro zinazozidi kujulikana huku hakuna anayezirekebisha, na wanaozitafuta wana nia mbaya.

Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la tundu moja la usalama. Miezi miwili baadaye, 12 Mei, kirusi cha WannaCry kikaingia kupitia tundu hilohilo kwenye kompyuta ambazo hazikusasishwa, nyingi zikiwa za Windows 7, kikafunga mafaili na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Walioathirika walikuwa na dawa kwa siku karibu sitini. Ninaposema kusubiri nina maana ya wiki kadhaa, na masasisho ya usalama ya kila mwezi hayasubiri hata hizo. Siku saba zinanitosha.

Windows 10 ilifika mwisho wake 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026: unaweza kulipia dola 30, au kuipata bila malipo ukikubali kulandanisha mipangilio yako kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa Dar jambo hili ni kubwa kuliko linavyosemwa, kwa sababu kompyuta nyingi tunazonunua Kariakoo ni mtumba, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mpakato wa kizazi cha sita ulionunua kwa bei nzuri haumo. Fundi anaweza kukuwekea Windows 11 kwa kuvuka masharti, na itawaka, hata itaonekana nzuri. Microsoft yenyewe inasema kompyuta ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho. Umenunua toleo jipya lenye hatari ya toleo la zamani. Afadhali uchukue ile nyongeza, na ndani ya muda huo uchague: kompyuta nyingine, au Linux kwenye hiyohiyo. Debian ina faili dogo la kuanzia lisilofika GB 1, ambalo bando la kawaida linalimudu, ingawa vingine itavivuta wakati wa kusakinisha. Windows 11 na Ubuntu ya mezani kila moja ni zaidi ya GB 5.

Simu

Kwa simu sina mengi. Septemba 2014 Apple ilitoa iOS 8.0.1, na iPhone 6 zilizoipokea zikapoteza mtandao wa simu na kisoma alama ya kidole. Iliondolewa baada ya kama saa moja, simu zisizofika 40,000 zikiwa zimeguswa, na 8.0.2 ikatoka kesho yake. Kama wewe ni wakala na simu hiyo ndiyo kabati lako la fedha, siku moja bila mtandao ni siku bila mauzo na wateja wamekwenda kibanda cha pili. Simu ya kazi isiwe ya kwanza kuhama. Anza na ile ya nyumbani.

Nani achague nini

Mwanafunzi anayeandika tasnifu: usihamie chochote hadi uwasilishe. Pokea masasisho ya usalama, ahirisha toleo jipya, na kabla ya sasisho lolote tuma tasnifu kwenye barua pepe yako mwenyewe na kwenye flashi. Hili nalisema kwa moyo wote, nimeshaona machozi kwenye kaunta yangu.

Ofisi ndogo yenye mhasibu mmoja na kompyuta mbili: hamisha ile isiyo ya mhasibu. Kaeni nayo mwezi mzima, pamoja na siku ya kufunga mahesabu, kwa sababu kuna kasoro zinazojionyesha siku ile tu mnapofanya jambo ambalo hamlifanyi kila siku. Mwezi ukipita salama, hamisha ya pili. Kama mna kompyuta moja tu, subirini miezi mitatu, na nakala ya mahesabu iwe kwenye diski ya nje iliyochomolewa.

Fundi kama mdogo wangu ahamie siku ya kwanza. Sisemi kwa kumkubalia tu. Ni kazi yake kuijua kasoro kabla mteja hajaileta, na ana kompyuta ya ziada. Ninachomwomba ni asiwahamishe wateja wake kwa mwendo wake. Tulielewana hapo, baada ya kumwonyesha zile kurasa 448 ambazo bado nazitumia upande wa nyuma kwa karatasi za majaribio.

Mwenye steshenari, au yeyote anayeishi kwa printa: printa yako ndiyo mfumo wako. Usihamie hadi uwe na uhakika draiva ya printa hiyohiyo ipo kwa toleo jipya, na fanya hivyo Jumapili jioni, bando likiwa limejaa na umeme wa kutosha kwenye mita, kamwe si asubuhi ya Jumatatu. Umeme ukikatika katikati ya kuhama ni tatizo ambalo hakuna toleo lililolitatua, kwa hiyo mpakato uwe na chaji kamili, na ya mezani iwe kwenye betri ya akiba.

Mimi siku hizi nina faili la ukurasa mmoja. Lina fremu ya mstari milimita 10 kutoka kila ukingo, mraba wa sentimita kumi katikati, na namba ya ukurasa chini kabisa. Kila baada ya sasisho, hata dogo, naiprinti hiyo kwanza kwenye printa zote mbili, napima mraba kwa rula, natazama kama mistari minne ipo na namba ipo. Inachukua dakika mbili na karatasi mbili. Wiki iliyopita mdogo wangu alipita dukani akaiona imebandikwa ukutani juu ya printa, akaipiga picha, kisha akaniambia nimtumie faili lenyewe.